Rekodi za DNS mnaziandika vizuri, nani anazifuta?

Jana kwenye grupu la WhatsApp jamaa karusha skripti yake kwa mbwembwe, seva ikiwaka tu cloud-init (programu inayotekeleza maagizo seva mpya inapowaka) inapiga API (mlango wa programu kuongea na programu) ya DNS, mfumo unaogeuza jina kuwa namba ya IP, rekodi ya A (mstari unaosema jina hili liende IP hii) inaandikwa, kazi kwisha. Makofi kama yote. Nikauliza, seva ikifutwa rekodi inafutwa na nani? Kimya, halafu mmoja akaniambia "hiyo tutaona mbele ya safari kaka". Safari ipi tena!

Jamani IP ya umma huko kwenye wingu ni ya kuazima. Ukifuta seva, IP inarudi kwa mtoa huduma na anapewa mteja mwingine, hata usipofuta, EC2 (seva ya kukodi ya Amazon) ukiizima na kuiwasha tena inakuja na IP mpya kama hukuweka Elastic IP, ile IP ya kudumu. Na jina lako la test.kampuni.co.tz bado linaelekeza kule kule. Aliyepewa ile IP akiwa na akili mbovu anaomba cheti cha HTTPS kwa Let's Encrypt, wanaotoa vyeti bure, kwa jina lako na anapewa bila shida, maana njia yao ya uhakiki ya HTTP-01 inaangalia tu kama anayeomba ndo anajibu pale jina linapoelekea, na ni yeye. Kufuli ya brauza inaonekana safi, mteja wako anaandika nywila yake kwa raha zake. Eti otomesheni.

Mbona dawa ipo, tena ya siku nyingi. Kwenye Terraform, zana ya kuunda na kufuta miundombinu kwa kodi, weka aws_instance (seva) na aws_route53_record (rekodi ya DNS) pamoja, rekodi isome IP kwa seva yenyewe, ukipiga destroy vinaondoka vyote. Azure, wingu la Microsoft, kwa majina ya ndani ya mtandao wako ukiwasha autoregistration (kujisajili kwenyewe) inaandika rekodi, na VM (seva pepe) ikifutwa inaifuta, hata skripti huhitaji.

Haya, nakubali, kwenye autoscaling (wingu kuongeza na kupunguza seva lenyewe) seva zinakuja na kuondoka bila kumuuliza Terraform, hapo skripti inabidi, ila iwe na ya kufuta pia. Na hiyo ya kila seva kutembea na ufunguo wa API wa zoni nzima, yaani rekodi zote za jina la kampuni, naiacha, presha yangu siyo nzuri wiki hii.

Leo leo vuta rekodi zako zote za A, linganisha na IP zilizopo kwenye akaunti, ukikuta kila moja ina mwenyewe njoo udai soda.