Besiboli Iko Mlangoni, Magazeti Yako Chini

Tangu mwezi uliopita, ukiingia maktaba ya mtaani kwetu huku Ohio, kabla hujamfikia hata mhudumu unakutana na meza iliyojaa vitabu. Kitabu ni kile kile, nakala juu ya nakala, bure. Chukua, soma, mpe jirani. Mji mzima tusome kitabu kimoja, na mwaka huu kimechaguliwa cha besiboli.

Nilichukua changu shingo upande. Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwangu mpira ni Coastal Union, na ubingwa wa 1988 nausimulia hadi leo kama vile nilifunga mimi. Besiboli nilikuwa naiona kinyozini tu: watu wamesimama, mmoja anatema mate, mwingine anaweka kofia sawa, dakika kumi zimeshakwenda.

Mpango wenyewe si mgeni. Ulianzia Seattle mwaka 1998, mkutubi Nancy Pearl na wenzake walipojiuliza itakuwaje jiji zima likisoma kitabu kimoja. Chicago wakaiga mwaka 2001, na siku hizi miji chungu nzima ya Marekani inao. Wengi huchagua riwaya nzito. Wetu wamechagua mchezo, na maneno hayakukosekana. Msomi mmoja ninayesali naye aliniambia maktaba imeishiwa wasomaji, sasa inavizia washabiki.

Ningekubaliana naye kama si ile Jumanne.

Jumanne hiyo alikuja mzee mmoja mstaafu kutufundisha kuandika mechi. Tulikuwa watu saba. Akatugawia karatasi za miraba na penseli, akaanza: kila mchezaji uwanjani ana namba, na usiitafute mgongoni, ni namba ya pale anaposimama. Mrushaji ni 1. Mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji ni 2. Wa besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji, ni 3, unakwenda hivyo mpaka 9, yule wa mbali kulia. Mpira ukipigwa, 6 akauokota, akamrushia 4, naye akamrushia 3, wapinzani wawili wakatolewa kwa mkupuo, huna haja ya maelezo. Unaandika 6-4-3, basi. Mpigaji akitolewa kwa kukosa mara tatu unaandika K. Ila kama ule wa mwisho aliutazama tu ukimpita, gongo begani, unaandika K hiyo hiyo kinyumenyume, imegeuza uso kama mtu aliyefumaniwa.

Mama mmoja wa Uvira, Kongo, aliyekaa pembeni yangu akaninong'oneza: “Ndugu, hii si muchezo, ni kazi ya karani.”

Tulicheka, lakini alikuwa amesema kweli. Katika karne ya 19 Henry Chadwick, mwandishi wa habari aliyezaliwa Uingereza na kukulia New York, alikuwa akichapa majedwali ya mechi magazetini, na hiyo K ni yake. Asiyekwenda uwanjani aliinunua mechi asubuhi yake kwa senti chache, akaicheza upya kichwani huku anakunywa kahawa. Kwa hiyo yule msomi wangu amekosea. Maktaba haikuenda kukopa umaarufu uwanjani; mchezo huu ulikuwa wa kusomwa tangu zamani. Baba yangu naye alikuwa na daftari la kaunta aliloandikia matokeo ya ligi akiwa ameegesha redio sikioni, kwa hiyo ugonjwa huo naujua.

Ninapogombana na mpango wetu ni kwingine. Mchezo huu unaoandika hata aibu ya mtu, sheria yake nzito kuliko zote haukuiandika. Mwaka 1884, hapa hapa Ohio, Moses Fleetwood Walker, mtu mweusi, alikuwa mdakaji wa Toledo katika ligi kubwa. Miaka michache baadaye wenye timu wakaelewana kimyakimya: mweusi hasajiliwi. Hakuna aliyetia saini, hakuna kifungu cha kumwonyesha hakimu. Na bado ukuta huo ulisimama hadi tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alipoingia uwanjani na jezi ya Brooklyn Dodgers.

Weusi hawakukaa wakisubiri. Mwaka 1920 Rube Foster, mweusi mwenye timu ya Chicago, aliwakutanisha wenye timu mjini Kansas City wakaanzisha ligi yao, timu nane, mojawapo ya Dayton, Ohio. Magazeti makubwa ya wazungu yaliwapa mistari miwili au hayakuwapa kitu. Walioandika ni Chicago Defender, Pittsburgh Courier, Kansas City Call, magazeti ya weusi ambayo kwa kawaida yalitoka mara moja kwa wiki. Mechi ya Jumatatu ingeweza kupotea hivi hivi kwa sababu kufikia siku ya kuchapa ilishachuja, au aliyetakiwa kupeleka matokeo hakuyapeleka.

Jambo la kimaktaba kabisa ndilo hili. Watafiti, wengi wao watu wa kawaida wenye mapenzi tu na mchezo, walikaa miaka na miaka mbele ya mashine za mikrofilamu, zile tepe zenye picha ndogo ndogo za magazeti ya zamani, wakichota majedwali hayo moja moja. Desemba 2020 wakuu wa besiboli walikubali kwamba ligi zile za 1920 hadi 1948 nazo zilikuwa ligi kuu. Mei 2024 takwimu zake zikaingizwa kwenye rekodi rasmi, wachezaji zaidi ya 2,300. Kwa wastani wa kupiga wa maisha yote (.300 ni sawa na kupiga sawasawa mara 300 katika zamu 1,000), Ty Cobb, aliyekikalia kiti cha kwanza kwa miongo, akashuka na .367 yake. Akapanda Josh Gibson wa ligi zile za weusi, .372. Gibson alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla ya siku ya Robinson.

Kiti hicho alikipata kwa magazeti yaliyohifadhiwa. Sasa angalia kipeperushi chetu: kitabu, filamu, jioni ya soseji, picha na yule mtu anayevaa manyoya uwanjani. Weusi wamepewa Robinson anayetabasamu, nusu ukurasa. Uganda haimo, ingawa watoto wa Lugazi mwaka 2012 walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza Little League World Series, mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, kule Pennsylvania. Mtoto wa yule mama wa Uvira nilipomwambia alidhani natunga. Na mashine ya mikrofilamu iko orofa ya chini, imefunikwa nailoni.

Nilimwuliza mhudumu kwa nini haikuingizwa kwenye ratiba. Akasema hakuna anayeiulizia. Dada yangu, mimi hapa naiulizia.

Alikuwa mkarimu, akanishusha, akafuta vumbi, akanionyesha jinsi ya kuvisha utepe. Taa ilichukua muda kuwaka. Nilizungusha polepole, matangazo ya mafuta ya nywele, vifo, harusi, mpaka nikafika ukurasa wa michezo wa kiangazi kimoja cha miaka ya 1920. Jedwali lilikuwepo. Safu ya mwisho imemezwa na mkunjo wa gazeti, na mpigaji wa saba ni “Smith” tu, hana jina la kwanza, hana hata herufi. Mipira mitatu aliipiga sawasawa siku hiyo.

Nilitoa ile karatasi ya miraba ya Jumanne nikaanza kunakili. Nilikuwa kwa mpigaji wa nane mhudumu alipoita kutoka ngazini kwamba wanafunga.