Dawa Zitanunuliwa, Lakini Nani Atawalipa Washauri wa Kliniki?

Hospitali kuu ya Kisumu, ambayo leo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, wakazi wengi bado huiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti. Rais Jomo Kenyatta alipokuja kuifungua tarehe 25 Oktoba 1969, yeye na Jaramogi, kiongozi wa upinzani, walirushiana maneno hadharani, walinzi wakafyatulia umati risasi, watu wakafa, na siku chache baadaye KPU, chama cha Jaramogi, kikapigwa marufuku. Nalitaja hilo kwa kuwa baadhi yetu huzungumza kana kwamba kuna wakati fedha za kigeni zilikuja bila siasa. Hazijawahi. Wasovieti walikuwa na hesabu zao enzi za Vita Baridi, Wamarekani wana zao leo. Hata hivyo hospitali ilibaki, na watu wa Nyanza wanatibiwa humo hadi sasa.

Mjadala wa misaada uliwaka upya tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump alipotia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo, USAID, shirika la misaada la Marekani, lilikuwa limefungwa rasmi. Uingereza nayo ilitangaza kwamba itashusha misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027, ili fedha ziende kwenye ulinzi. Kwa hiyo anayengoja rais mwingine aingie Washington ili mambo yarudi kama zamani, anangoja bure.

Upande wa kwanza husema misaada hii ilikuwa uhai wenyewe, na huku magharibi mwa Kenya hoja hiyo haihitaji ufafanuzi mrefu. Siaya, Homa Bay, Kisumu na Migori ndizo kaunti zilizolemewa zaidi na Ukimwi nchini. Aliyekua hapa miaka ya tisini anakumbuka maboma yaliyobaki na nyanya na wajukuu tu. PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi ulioanzishwa mwaka 2003 chini ya George W. Bush ulileta dawa bure, vipimo, na kliniki ambazo mgonjwa wa Ndhiwa au Bondo angeweza kuzifikia. Mtu aliyeanza dawa wakati huo akiwa kijana, leo ana watoto wa sekondari. Sioni heshima yoyote katika kumwambia mtu huyo kwamba msaada ulikuwa utumwa.

Upande wa pili, unaosema misaada ilitufanya tegemezi, nao una hoja nzito. Kwa zaidi ya miaka 20 tuliacha nguzo za huduma hii zisimame kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi mjini Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na Kenya haijafika hapo. Mwaka 2021, shehena ya ARV, yaani dawa za kudhibiti virusi vya Ukimwi, kutoka Marekani ilikwama bandarini Mombasa huku serikali na mfadhili wakivutana kuhusu ushuru na kuhusu nani azisambaze, kwani Wamarekani hawakuiamini tena KEMSA, shirika la serikali la kununua na kusambaza dawa, baada ya kashfa za ununuzi wakati wa Korona. Wenye virusi waliandamana wakidai dawa zao. Mfadhili alikuwa na sababu ya kukosa imani, serikali ilikuwa na sababu ya kutetea mamlaka yake, na aliyelala na wasiwasi ni mgonjwa ambaye hakuulizwa na yeyote kati yao.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili hubishania dawa zaidi kuliko inavyofaa. Dawa hununuliwa. Serikali ikiamua, inaweza kuagiza ARV, maana bei yake imeshuka sana tangu nakala zake za bei nafuu zianze kutengenezwa India. Kilicho kigumu kurudisha ni watu. Mwaka 2025 ruhusa ya kuendelea kutoa dawa za kuokoa maisha ilitoka baada ya siku chache, lakini washauri nasaha, makarani wa takwimu, vijana wa kufuatilia wagonjwa waliokosa siku zao za kliniki, na akina mama wenye virusi wanaowashika mkono wajawazito waliopimwa karibuni, wengi wao walikuwa wameshaambiwa wakae nyumbani. Kandarasi zao zilikuwa za miradi. Kaunti haikuwa na nafasi zao kwenye orodha ya mishahara. Chupa ya dawa rafuni haimpigii simu mama aliyeacha kuja kliniki tangu mumewe agundue.

Linganisha na nishati. Mtambo wa Sondu-Miriu kule Nyakach, wa megawati 60, ulijengwa kwa mkopo wa Japani. Mvuke wa Olkaria, kaunti ya Nakuru, unaozalisha umeme tangu 1981, umepanuliwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia, Japani na Ujerumani. Deni hilo tunalilipa, na linauma. Lakini wahandisi ni waajiriwa wa KenGen, kampuni ya Kenya ya kuzalisha umeme, ujuzi wa kuchimba visima vya mvuke umekuwa wa Wakenya, na mkopeshaji akiondoka kesho mitambo haizimiki. Wapo wanaosema basi afya nayo iendeshwe hivyo, kwa mikopo na si kwa sadaka. Hapo sikubaliani nao. Umeme una mita, kila uniti inauzwa na deni linapata pa kulipwa. Mtoto aliyezaliwa bila virusi Rachuonyo hana mita. Funzo ninaloona Olkaria ni dogo lakini lina maana: waliofanya kazi waliajiriwa na taasisi ya hapa tangu mwanzo.

Kuhusu misaada ya dharura nina neno fupi. Mto Nyando ukifurika, blanketi na unga hufika, na Msalaba Mwekundu hufanya kazi ya kusifiwa. Lakini hakuna mfadhili wa blanketi atakayetujengea bwawa la Koru-Soin la kuzuia mafuriko hayo, ambalo limezungumzwa kwa miaka mingi.

Kuna jambo jingine ambalo wanaotuita ombaomba hulisahau. KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, imeshirikiana na CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, tangu 1979. Majaribio ya neti zenye dawa yaliyofanywa Asembo na Gem, Siaya, miaka ya tisini, yalionyesha kwamba neti hupunguza vifo vya watoto, na ushahidi huo ukasaidia kubadili sera za malaria nje kabisa ya mipaka yetu. Chanjo ya malaria nayo ilijaribiwa huku kabla ya kuanza kutolewa Homa Bay mwaka 2019. Familia za hapa zilitoa damu, muda na watoto wao. Ndiyo maana naona Mahakama Kuu ilifanya vyema kusimamisha kipengele cha kukabidhi takwimu za afya katika makubaliano ya afya ambayo Kenya na Marekani zilitia saini tarehe 4 Desemba 2025. Takwimu zetu zina thamani, na aliyeketi mezani na kitu cha thamani hapaswi kuzungumza kama mwombaji.

Mengine ndani ya makubaliano hayo nayaunga mkono. Marekani iliahidi hadi dola bilioni 1.6 kwa miaka mitano, na Kenya iongeze dola milioni 850 zake, huku serikali ikichukua majukumu hatua kwa hatua. Mwelekeo ni sahihi. Hofu yangu ni kwamba fedha hizo zitahesabiwa Nairobi, ilhali kliniki ziko chini ya kaunti, na kaunti nyingi tayari zina madeni na migomo ya wauguzi.

Kwa sheria, mkakati wa fedha wa kaunti hufika bunge la kaunti kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Vikao vya maoni ya umma hufanyika katika kipindi hicho, na kwa kawaida hujaa madai ya barabara na taa za sokoni. Vikundi vya wanaoishi na virusi Kisumu, Siaya na Homa Bay viende na swali moja lililoandikwa: katika fungu la mishahara ya afya, washauri na wafuatiliaji wametengewa nafasi ngapi, na kuanzia mwezi gani? Afisa akijibu kwamba kaunti inamsubiri mfadhili, jibu hilo liingizwe kwenye kumbukumbu za kikao pamoja na cheo chake, na wawakilishi wadi wapewe nakala kabla hawajapitisha bajeti.