Presha ya mapafu haipimwi mkononi

Barua ya kliniki ya huku ughaibuni imeingia leo, nakala yangu mwenyewe, kana kwamba mimi ndiye bosi wa daktari. Mstari wa tatu: ateri ya mapafu, ule mshipa mkubwa unaopeleka damu mapafuni, upana milimita 46, mwaka jana ilikuwa 44. Kawaida haipiti sana 29. Habari si nzuri, na bado nimeisoma nikitabasamu: angalau namba yangu nimeambiwa. Nasema kila siku, na nyumbani wagonjwa wasomewe namba zao.

Nyumbani mnajua ilivyo. "Ni presha tu, mama, punguza chumvi." Nimekula mchicha usio na ladha miaka, na mashine ya mkononi ikisoma vizuri kila siku, maana presha yangu iko upande wa kulia wa moyo, kule damu inakosukumwa kwenda mapafuni.

Presha hiyo ikikaa muda mrefu, ateri inatanuka na kuanza kubana majirani. Inaweza kubana neva ya kushoto inayoendesha sauti. Ortner, daktari wa Vienna, aliandika 1897 juu ya sauti kukwaruza kwa sababu ya ugonjwa wa moyo. Mimi sauti ilipokwaruza niliambiwa ninywe tangawizi. Mara chache zaidi inaugandamiza mshipa mkuu wa kushoto unaolisha moyo wenyewe, kifua kinabana ukipanda ngazi, watu wanadhani ni mafuta yameziba mshipa. Wangu ulionekana huku kwenye kipimo cha CT, nikawekewa stenti, kijibomba cha kuuweka wazi. Na ateri yenyewe ikichanika, ambayo ni nadra sana, hata bajaji huna muda wa kuita.

"Huyu naye kashakuwa Mzungu." Mzungu gani anaamka kupigania simu ya daktari saa mbili kamili asubuhi, anaambiwa nafasi zimeisha? Isitoshe, aliyenishtukia wa kwanza ni tabibu wa zahanati kule Morogoro. Hakuwa na eko, ile mashine ya kupima moyo kwa mawimbi ya sauti. Aliweka stetoskopu, akasikia pigo la pili la moyo limekuwa zito, akaandika rufaa palepale. Huku sijakutana na sikio kama lile.

"Daktari mmoja, wagonjwa mia, barua aandike saa ngapi?" Nani kaomba barua? Eko imefanyika, nimelipia, namba imeandikwa faili likafungwa. Nisomee tu!

Mdogo wangu kule nyumbani ana vali ya moyo iliyobana, naye kapimwa juzi. Nimempigia kuuliza. "Wamesema ateri imepanuka kidogo, ila niko sawa."

Kidogo ndiyo milimita ngapi?