Godoro Langu Lilivyohudhuria Kwanjula

Mimi sipigi chafya moja moja. Napiga kwa mafungu: saba asubuhi kabla sijaipata kandambili ya pili, nne nikikunja blanketi, halafu macho yananiwasha mpaka saa tatu. Tunaishi Kawempe, Kampala, kando ya barabara ya Bombo, na kwa miaka mingi kesi yote niliibebesha vumbi jekundu. Januari na Februari, mvua ikikatika, vumbi la murram halibishi hodi hapa kwetu; unalikuta limeshakaa ndani ya kikombe linakusubiri. Nikaziba madirisha kwa magazeti. Nikamwagia ua maji kila jioni mpaka majirani wakadhani nimepanda kitu. Chafya zikabaki palepale, saba na nne.

Machi mke wangu akachoka, akanifikisha kwa daktari, mama mmoja mpole mwenye sauti ya chini. Habari za barabara wala hakuziuliza.

"Chafya zinakujia ukiwa wapi, mzee?"

"Kitandani."

"Na ukitoka kwenda kazini?"

"Zinapungua."

"Basi, mzee wangu, adui yako hayuko barabarani. Adui unalala naye."

Mke wangu akajiweka sawa kwenye kiti, akamtazama daktari kwa jicho la Bombo. Huyu ni Mnubi wa Bombo, mji wa Wanubi, na jicho la huko halihitaji tafsiri. Daktari akawahi kufafanua kwamba anasema utitiri wa vumbi.

"Utitiri?" mke wangu akadakia. "Kwani sisi kuku?"

Ikabidi tusomeshwe. Utitiri wa kuku ni mwingine, ule hunyonya damu. Huu wa godoroni hata kuuma haujui. Hula magamba ya ngozi yetu yanayodondoka tukilala, na mmoja hafiki nusu milimita, kwa hiyo usihangaike kumtafuta kwa tochi. (Nilishahangaika, ila hiyo ilikuja baadaye.) Kinachonipigisha chafya ni kinyesi chake zaidi kuliko yeye mwenyewe. Maji hanywi, anafyonza unyevu wa hewani, na sisi tuko karibu na ziwa Victoria, unyevu ndio mali yetu. Dawa: mashuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzijoto 60, mto na godoro vivalishwe mifuko ya kubana yenye zipu, vumbi lifutwe kwa kitambaa kilicholoa badala ya kutimuliwa kwa ufagio mkavu. Halafu akauliza godoro letu lina umri gani.

Tukatazamana. Godoro letu ni la pamba. Mama mkwe alilijaza kwa mikono yake kule Bombo, akatukabidhi siku ya harusi. Mwaka wa 19 huu.

"Lichomeni," alisema daktari.

Nyumbani mke wangu alinipa jibu moja tu: godoro la mama yake likitoka, nami nalifuata. Kwa hiyo nikabaki na akili yangu, na akili yangu ilikuwa imekamata neno moja katika yote aliyosema daktari: mashine. Yeye alisema mashine ya kunyonya vumbi husaidia juujuu tu, na ikiwa haina chujio zuri inalirudisha vumbi hewani. Mimi nilisikia "mashine husaidia".

Mashine yenyewe iko pale wanapooshea magari, mwendo wa dakika kumi kwa bodaboda. Jumamosi moja ya Aprili, mke wangu akiwa sokoni, nilifumua mshono wa pembeni kama shubiri moja ili mpira wa mashine upate kuingia mpaka ndani. Angalieni nilivyokuwa makini. Nikalikunja godoro, nikalifunga kwa kamba ya katani, nikapanda boda nalo mgongoni. Kampala hakuna anayeshangaa godoro juu ya boda, watu wamebeba makochi na mbuzi, lakini godoro la pamba na upepo hawapatani. Kila lori likitupita lilikuwa linajaa kama tanga, na mwenye boda ananilaumu: "Ssebo, wewe unaendesha au mimi?"

Pale kwa waosha magari nilikuta foleni. Magari sita yamemaliza kuoshwa, yanang'aa, yamefungwa utepe mweupe na waridi. Msafara wa kwanjula huo, sherehe ya Kiganda ya bwana harusi kutambulishwa kwa wakwe. Wanaume kanzu nyeupe na koti jeusi juu, akina mama gomesi za kila rangi, mikanda inameremeta. Bwana harusi mtarajiwa amesimama pembeni anafuta jasho. Wote wanasubiri utepe wa gari la mwisho ukazwe waende wakaombe mchumba.

Nikamwendea kijana wa mashine, kijana wa Arua, Kiswahili chake cha kambini lakini kinaeleweka. Nikamweleza shida yangu yote, utitiri na kinyesi chake. Alisikiliza kwa huruma, akauingiza mpira kwenye ule mshono, akabonyeza.

Sasa, mashine zile zina matundu mawili. Moja linavuta, jingine linapuliza. Na kijana yule alikuwa ametoka kupuliza maji yaliyojificha kwenye taa za yale magari sita.

Kwanza godoro lilivimba. Nikafurahi, nikadhani ndivyo linavyonyonywa. Likaendelea kuvimba kama bunju aliyekasirishwa, kamba ya katani ikalia twa! ikakatika, kijana akaniuliza, "Mzee, hii iko kawaida?" Sikuwahi kujibu. Mshono wa shubiri moja ukawa wa dhiraa mbili, na miaka 19 ya ndoa yangu ikatoka kwa mkupuo.

Vumbi la godoro si jekundu, ni la kijivu na ni laini kama unga wa muhogo. Lilipanda, likasimama kidogo hewani kama linachagua, likashuka juu ya magari sita yaliyokuwa bado na umande wa maji. Likashika. Pamba ikafuata vipande vipande, ikayapita makanzu yote bila madhara, ikatua kwenye makoti meusi. Ssenga mmoja, yaani shangazi, wa makamo alikuwa ameufungua mdomo amwite dereva. Sitaki kueleza zaidi kuhusu ssenga.

Mimi nilikuwa nimeinama napiga chafya. Mafungu yote yalikuja pamoja. Nilihesabu mpaka ishirini na mbili, na katika ile ya kumi hivi nikagundua siko peke yangu: bwana harusi naye alikuwa anapiga, kwa mafungu, saba, kisha nne. Nikainua macho, tukaonana. Ndugu yangu kabisa. Ningependa kumpa anwani ya daktari lakini mwogezi wao, yaani msemaji wa msafara, mzee mwenye fimbo, alikuwa ameshafika mbele yangu anauliza kwa Kiluganda safi mimi ni wa nani na nimetumwa na ukoo gani kuharibu ndoa ya watu.

Nililipa. Magari sita, shilingi 60,000 kuoshwa upya, na soda ya ssenga. Makoti walikung'utana wenyewe, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kijana wa Arua alijisikia vibaya mno. Wakati mimi nasuluhishwa na mwogezi, yeye akaona anifanyie wema: akalitandaza godoro juu ya saruji, akaweka sabuni, akalipiga mpira wa maji wa magari, mbele na nyuma. "Sasa safi, mzee," akasema. Godoro la pamba likishiba maji linakuwa na uzito wa ng'ombe. Boda watatu walilitazama wakaondoka. Lilirudi nyumbani kwa mkokoteni, linadondosha maji barabara nzima ya Bombo, na mlangoni amesimama mama mkwe, amekuja kututembelea.

Hakupaza sauti. Aliligusa kwa kidole.

"Mwanangu, nilipokupa godoro hili nilikwambiaje? Juani kila wiki. Na kila mwaka lifumuliwe, pamba ichambuliwe, irudishwe. Umelianika mara ngapi?"

Nikaangalia juu kama mtu anayepiga hesabu.

"Mara ngapi?"

"Ni hili vumbi la barabarani, mama," nikasema.

Tulilala kwenye mkeka wiki hiyo. Asubuhi ya tatu niliamka nimeshavaa kandambili zote mbili na sijapiga chafya, na mke wangu akaniambia nisithubutu kufurahi mbele ya mama yake. Sasa tuna godoro la sponji lenye mfuko wa zipu, na mashuka yanachemshwa kwa sufuria juu ya sigiri. Hatuna kipimo cha nyuzijoto 60. Mke wangu anasema nikichovya kidole nikamtaja mama yangu, zimefika.

Godoro la zamani liliegemezwa ukutani uani likauke. Aprili ile haikuacha kunyesha. Siku ya tisa mtoto alikuja mbio kuniita: sehemu ya chini, pale kwenye mshono wangu, palikuwa pameota uyoga.

Nikaanza kuliburuta nikalitupe. Mwenye nyumba wetu, Mganda wa ukoo wa Butiko, akanizuia kwa mikono miwili. Uyoga ndio jina la ukoo wao, hawauli, wanauheshimu. Aliinama akautazama kwa adabu kwa muda mrefu, kama aliyekutana na shemeji.

"Mimi siwezi kuula," akasema. "Lakini mke wangu si wa ukoo huu. Unauza kilo shilingi ngapi?"