Kabla ya kumpandisha mbwa nyuma ya gari, weka wavu

Tulikuwa tumeshaipita Hedaru tunaelekea Same, saa nane mchana, jua la ukanda ule likichoma bila huruma. Ilikuwa wiki ya Krismasi, na kama familia nyingi za Kichaga zinazoishi Dar es Salaam, nasi tulikuwa tunapanda nyumbani Moshi. Mke wangu alikaa mbele, watoto wawili siti ya nyuma wamefunga mikanda, na nyuma yao, pale pa mizigo, alikuwepo Simba, mbwa wetu wa kilo 28, chotara wa German Shepherd. Gari letu ni Toyota Fielder, ambalo nyuma yake ni ndefu na haitenganishwi na siti kwa kitu chochote. Mbuzi akakatiza barabara. Nikakanyaga breki.

Mbuzi sikumgonga. Gari halikugusa chochote. Lakini Simba alikuwa amesimama, kidevu kakiweka juu ya mgongo wa siti akiwachungulia watoto kama alivyozoea, na breki ile ilimrusha akamwangukia binti yangu begani. Mtulinga wake ukapasuka. Alikuwa na miaka saba. Krismasi ile aliila mkono ukiwa umening'inizwa kwa kitambaa shingoni, na mbwa mwenyewe alichechemea hadi mwaka mpya.

Tangu siku ile siwezi kunyamaza nikiona mbwa amesimama huru nyuma ya gari lenye watoto. Msimamo wangu ni huu: kwa mbwa mkubwa, nyuma ya gari la familia ndiyo sehemu bora kuliko zote, iwe ni Fielder, Probox, Noah au Prado. Lakini sehemu hiyo ikiachwa wazi, bila wavu wala kizimba, hatari haimpati mbwa peke yake, inawapata na wale waliokaa mbele yake. Watu wengi wakinisikia nikiongelea usalama wa mbwa hudhani naleta mambo ya wazungu. Mimi naongelea bega la mwanangu.

Tufanye hesabu kidogo. Gari likitembea kilomita 50 kwa saa, mwendo ule tunaoamriwa kwenye makazi ya watu, kila kilichomo ndani nacho kinatembea kwa mwendo huohuo. Gari likisimama ghafla kwa kugonga kitu, ambacho hakikufungwa kinaendelea na safari. Kwa mbwa, ni sawa na kuangushwa kutoka urefu wa mita 10 hivi, yaani ghorofa ya tatu. Kwenye kilomita 80 kwa saa urefu huo unafika kama mita 25. Sasa mfikirie mbwa wa kilo 28 akidondoka kutoka huko, na anapodondokea ni kisogo cha mtoto wako. Mtoto kufunga mkanda hakuzuii kitu kinachotoka nyuma yake.

Wavu wangu nilitengenezewa na fundi wa kuchomelea hapa mtaani, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapokosea, kama nilivyotaka kukosea mimi. Fundi alitaka kuuchomelea moja kwa moja kwenye bodi la gari. Nikamkatalia. Ukichomelea kwenye bodi unaunguza rangi na kapeti, unaanzisha kutu, na siku ukitaka kubeba godoro huna namna ya kuutoa. Tulikubaliana wavu usimame kwenye fremu yake, kuanzia sakafuni hadi karibu na dari, nyuma tu ya mgongo wa siti, ukazwe kwa bolti kwenye sehemu ambazo kiwandani walishaziandaa kwa kufungia mizigo. Nilimsisitizia asiache ncha hata moja ya chuma: kila pembe ipigwe msasa na bomba la juu livishwe mpira. Na matundu yawe madogo kiasi kwamba kichwa hakipenyi, kwa sababu mbwa akipenyeza kichwa kikanasa, tuta moja linatosha kumvunja shingo. Ukimaliza, usiusifu kwa macho. Usukume kwa mguu kwa nguvu zako zote. Ukicheza, rudi kwa fundi.

Wavu unawalinda waliokaa mbele, ila haumlindi mbwa vya kutosha, maana bado anaruka huku na huku ndani ya eneo lake na kila tuta linampiga ukutani. Na kati ya Chalinze na Same kuna matuta ya kutosha. Ndiyo maana ndani ya wavu nimeweka kizimba. Kipimo chake ni rahisi: mbwa aweze kusimama bila kuinamisha kichwa, ajigeuze, ajilaze akijinyoosha. Kikubwa kupita hapo ni makosa, kwa sababu nafasi inayobaki ndiyo inayompa mwendo wa kujigonga. Kizimba nimekisogeza mpaka kigusane na wavu, nao wavu umegusana na siti, pasiwe na upenyo wa kujipigia. Chini nimetandika mpira wa sakafuni wenye mikwaruzo. Mbwa anayeteleza hapumziki hata dakika moja. Hufika safari amechoka kuliko dereva.

Kukifunga kizimba nako kuna neno. Nimeona watu wakitumia ile mipira mieusi ya bodaboda. Mpira ule kazi yake ni kuvutika, na siku ya ajali utavutika kweli, kisha utakirudisha kizimba kwa kishindo. Tumia mikanda ya kufungia mizigo, ile ya kitambaa kigumu yenye chuma cha kukazia, na uipitishe kwenye pete za chuma zilizoko sakafuni. Kabla hujakaza, kumbuka tairi la spea liko wapi. Kwenye magari mengi ya aina hii liko chini ya sakafu hiyohiyo, kwa hiyo siku ya pancha itabidi mbwa ashuke kando ya barabara kuu, malori yakipita. Kamba yake iwe mahali unapoifikia kwa mkono, isiwe chini ya mabegi.

Kumfunga mbwa kwa kamba ya shingoni nyuma ya gari, hapana. Breki moja inamnyonga. Kama huna nafasi ya kizimba na mbwa lazima akae siti ya nyuma, tafuta mkanda wa kifuani unaosambaza nguvu kwenye kifua na mabega, uuunganishe na mkanda wa gari, na uwe mfupi. Hata hivyo usiamini kila kilichoandikwa kwenye pakiti. Mwaka 2013 shirika la Marekani liitwalo Center for Pet Safety liliijaribu mikanda ya aina hiyo kwa majaribio ya ajali, na mingi ilishindwa kumzuia mbwa. Kumpakata mbwa mbele ya mfuko wa hewa (airbag) ni kumweka mbele ya ngumi.

Kuna jirani yangu mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, sote mtaani tunamwita Alhaji. Ana mbwa wawili wanaolinda shamba lake upande wa Mkuranga, na kwa miaka mingi alikuwa akiwabeba kwenye buti la gari lake la saluni, amelifunga. Siku nilipomweleza yaliyompata mwanangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Baba Neema, mimi nakuelewa. Lakini gari hili ndilo naendea msikitini. Mate ya mbwa yakigusa siti yangu nitaosha mara saba, na moja kwa udongo. Kapeti la gari utaliosha vipi kwa udongo?"

Swali lake ni la haki, na sipendi wanaotoa ushauri wa mbwa wakilipita kana kwamba halipo. Pwani yetu Waislamu wengi ni wa madhehebu ya Shafi, na hiyo ndiyo fikihi yao, yaani sheria ya dini. Nilimjibu kwamba buti lililofungwa si suluhisho. Halina dirisha, halifikiwi na kiyoyozi, dereva hamwoni mbwa wala hamsikii, na gari likigongwa kwa nyuma buti ndilo linalokunjika kwanza. Yeye mwenyewe ndiye aliyenikumbusha hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akamchotea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Tukakaa kwenye baraza lake tukapanga. Sasa mbwa wake wanasafiri kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kila mmoja na kizimba chake, vizimba vimeegemezwa ukuta wa kabini ya dereva na kufungwa kwa mikanda, turubai juu ya kuzuia jua na pembeni wazi hewa ipite. Wanaondoka alfajiri. Gari la msikitini limebaki twahara na mbwa wanafika wazima. Mwenye Probox anaweza kupata hivyohivyo kwa wavu, kizimba na sinia la plastiki linaloteremshwa na kuoshwa peke yake.

Nimetaja kiyoyozi. Joto ndilo linaloniogopesha kuliko hata ajali, kwa kuwa ajali huenda isitokee maisha yako yote, lakini joto lipo kila siku. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Ana jasho kidogo kwenye nyayo, na kazi kubwa ya kujipoza anaifanya kwa kuhema ulimi ukiwa nje. Hewa anayovuta ikiwa ya moto, kuhema hakumsaidii. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walipima gari lililoegeshwa juani: kwa wastani, ndani ya saa moja joto lilipanda nyuzi 22 hivi juu ya joto la nje, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokea ndani ya nusu saa ya kwanza. Kushusha vioo kidogo hakukuleta tofauti ya maana. Sasa weka hapo joto la Dar la mwezi wa pili. Ule muda wa "naingia dukani mara moja" ndio unaoua.

Hata gari likitembea, upepo wa kiyoyozi wa mbele mara nyingi haufiki nyuma, hasa mizigo ikiwa imepangwa hadi darini. Mimi huweka kitambaa cha kuzuia jua kwenye vioo vya nyuma, naacha njia ya hewa kati ya mabegi, na mke wangu hupeleka mkono nyuma mara kwa mara kupima hali ya huko. Mbwa wenye pua bapa huzidiwa haraka zaidi. Ukimwona anahema kwa nguvu pasipo kutulia, mate yanakuwa mazito, anayumba, simama kivulini. Mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, kisha ndipo umkimbize kwa daktari wa mifugo. Kumpoza kunaanza palepale ulipo, si baada ya kufika.

Kuna wanaotaka kumpa mbwa hewa kwa kuacha mlango wa nyuma wazi kidogo na kuufunga kwa kamba. Nakuomba usifanye hivyo. Gari likienda mbio, upepo nyuma yake hujizungusha na kuvuta moshi wa eksozi kuuingiza ndani kupitia uwazi huohuo. Gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi ule haina rangi wala harufu, na wa kwanza kuivuta ni mbwa, kisha watoto.

Mengine ni mazoea tu. Simba simlishi saa tatu au nne kabla ya kuondoka, maji namnywesha kidogo kidogo, na kila baada ya saa mbili tunasimama. Kabla ya safari ndefu nilimzoesha kizimba nyumbani kwa wiki kadhaa, akila chakula chake humo, mlango wazi, mpaka akawa anakwenda kulala humo mwenyewe. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kinakaa kwenye droo ya mbele. Ajali ikitokea barabarani kwetu, wanaofika kwanza ni wanakijiji. Wakikuta mbwa mwenye maumivu amesimama juu ya majeruhi, anabweka, nani atathubutu kuingiza mkono? Kizimba kinawafungulia njia watu hao.

Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, lakini sijawahi kusimamishwa na trafiki akaniuliza mbwa wangu amefungwaje. Uingereza kanuni zao za barabarani zinamtaka dereva amzuie mbwa ili asimsumbue wala asimjeruhi mtu gari likisimama ghafla. Ningependa askari wetu nao wachungulie nyuma pale wanapochungulia mikanda ya mbele. Wakati huo haujafika, kwa hiyo kazi imebaki kwa mwenye gari.

Desemba iliyopita tulipita tena Hedaru. Neema sasa ana miaka kumi, na kufungua mlango wa nyuma amekufanya kuwa kazi yake. Tulipofika Same aliufungua robo tu, akaziba uwazi kwa mwili wake, akamwambia Simba "kaa", akaingiza mkono akamvisha kamba. Akaangalia kushoto na kulia barabarani. Ndipo akaufungua wote.