Ratiba bila jina la mpishi ni pambo la friji

Kwenye grupu la WhatsApp la ukoo kuna mtu katurushia tena picha ya "ratiba ya mlo wa familia". Maua pembeni, rangi za kupendeza. Jumatatu usiku: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha wa karanga, juisi ya embe. Jumatatu! Mimi Jumatatu natoka kazini Posta, katikati ya Dar, saa kumi na moja, nikibahatika kupenya kwenye basi la mwendokasi nafika Kimara giza limeingia, na hapo bado nina bodaboda. Huyo samaki atapakwa na nani?

Hapo ndipo hasira zangu zilipo. Ratiba zote hizi zimejaa majina ya vyakula, hazina jina la mtu hata mmoja. Zinachukulia kwamba jikoni yupo mtu, na sote tunamjua ni nani. Baba anaingia, anavua viatu, anauliza, "Leo tunakula nini?" kama mteja wa hoteli. Swali hilo linachosha kuliko kusonga ugali. Kupika kunaanza jioni. Kuwaza kunaanza alfajiri. Dagaa wamebaki? Nyanya nani ananunua? Gesi itafika Ijumaa? Mdogo kagoma kula maharage, mkubwa ana tuisheni mpaka saa kumi na mbili na akirudi ana njaa ya kugombana na kila mtu.

Kwetu siku hizi karatasi ya frijini inaanza na jina, na jina ni la anayewahi kufika nyumbani siku hiyo, awe mume, awe kijana wa kidato cha pili. Chakula kinafuata uwezo wa mpishi. Jumanne ni ya kijana: ugali, mayai ya nyanya, kachumbari. Mama mkwe aliposikia aliguna. Na aendelee kuguna. Mjukuu wake anasonga ugali usio na mabuje.

Kinachotuokoa ni Jumamosi. Maharage yanalowekwa Ijumaa usiku, asubuhi maji yale yanamwagwa, yanachemshwa kwenye sufuria kubwa bila kiungo chochote, kisha yanagawanywa kwenye makopo ya aiskrimu na kuingia friza. Katikati ya wiki unatoa kopo, unaunga kwa kitunguu na nyanya, mnakula. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Sawa, tunapenda, lakini maharage makavu yasiyolowekwa yanakunywa gesi bila huruma. Loweka, ndugu yangu. Na mchicha usiuoshe kabla ya kuuweka frijini, utaoza.

Haya, nakubali kwa shingo upande: zile picha za maua zina faida moja. Ukienda soko la Mabibo na orodha, hununui kabichi za kuja kuozea kwenye droo. Basi, imeisha hiyo.

Wale wa "tafuta dada wa kazi" nawasikia. Dada naye anachoka, na Jumapili ni siku yake ya kupumzika. Usiku huo tunakula wote sinia moja, simu zote zinabaki chumbani, hata kama ni kiporo.

Alhamisi ni ya baba watoto. Chapati anaruhusiwa kununua gengeni, mchuzi hapana. Juzi kanipigia nimebanwa kwenye foleni ya basi Kivukoni, anauliza binzari iko wapi. Nikamwambia ipo jikoni.