Shiti kwanza, programu baadaye

Kila nikiingia kwenye magrupu ya hisa nakuta swali lile lile, programu gani nzuri ya kufuatilia uwekezaji, afu majibu yanamiminika, huyu anasema Portfolio Performance, yule Ghostfolio, mwingine Sharesight, na muulizaji anashusha zote jioni hiyohiyo. Baada ya wiki kaziacha zote. Maoni yangu mimi ni kwamba swali lenyewe limekaa vibaya. Ukiwa na shiti yako safi ya Excel au Google Sheets programu yoyote itakufaa, na usipokuwa nayo hata ile ya kulipia itakuonyesha uongo wenye grafu za rangi.

Maana hizi programu zimetengenezwa na watu wa nje kwa ajili ya madalali wa huko, wenye kitufe cha kutoa miamala yote kwenye faili. Sisi huku Tanzania dalali anakutumia kontrakti noti (karatasi ya kuthibitisha ulichonunua au kuuza) ya PDF kwenye imeili, mwingine anaipiga picha anakurushia WhatsApp, na vipande vya UTT (mifuko ya uwekezaji wa pamoja) vina taarifa yake peke yake, na kama umenunua na hisa za Marekani kupitia simu hizo nazo ziko sehemu nyingine. Hakuna programu itakayokuja kukukusanyia hayo yote. Utakusanya wewe, kwenye shiti moja, muamala mmoja mstari mmoja, afu ndo unaitoa kama CSV (faili la maandishi matupu, safu zimetenganishwa kwa mkato) na kuiingiza kwenye programu.

Safu za lazima sio nyingi. Tarehe, aina ya muamala (kununua, kuuza, gawio, kuweka pesa, kutoa pesa), jina la hisa, alama yake sokoni, idadi, bei ya hisa moja, ada zote za dalali na soko, kodi, jumla iliyotoka au kuingia, sarafu. Na mimi naongeza safu ya namba ya kontrakti noti, nitaeleza kwanini.

Tarehe sasa. Hapa ndo watu wengi wanalia. Ukiandika 03/04/2025 wewe unamaanisha tarehe tatu mwezi wa nne, ila kompyuta iliyosetiwa Kimarekani inasoma tarehe nne mwezi wa tatu, na haikwambii kitu, inapokea tu. Ikifika 13/04/2025 ndo inakwama kwa sababu mwezi wa kumi na tatu haupo, kwa hiyo unajikuta mistari kadhaa imekataliwa na wewe unahangaika na hiyo iliyokataliwa, kumbe hatari iko kwenye ile iliyokubaliwa. Andika 2025-04-03, mwaka mwezi siku, basi, hamna programu itakayokosea hapo. Na faili la CSV usilifungue kwa kulibonyeza mara mbili, Excel inajifanya inajua kila kitu, inageuza tarehe na inafuta sifuri za mwanzo, kama namba ya akaunti yako ya CDS (ile inayotunza hisa zako) inaanzia na sifuri imeisha hiyo. Fungua Excel tupu kwanza, afu ingiza faili kupitia menyu ya data na uiambie safu ipi ni maandishi.

Namba nazo zina vituko vyake. Ukiacha mkato wa maelfu, yaani 1,250,000, kwenye faili linalotenganisha safu kwa mkato, shilingi milioni moja na robo inaweza kusambaratika kwenye safu tatu. Wajerumani wao ndo kinyume kabisa, nukta kwao ni ya maelfu na mkato ndo desimali, na Portfolio Performance imetokea Ujerumani, japo nzuri yake ni kwamba wakati wa kuingiza inakuruhusu kuchagua safu ipi ni nini na namba na tarehe ziko kwa mtindo gani. Andika 1250000 kavu kavu. Bei ya kipande cha UTT iache na desimali zake zote, usikate, ukikata idadi mara bei haitaendana na pesa uliyolipa.

Alama za hisa usiziamini peke yake. Herufi tatu za kampuni ya DSE (Soko la Hisa la Dar es Salaam) zinaweza kuwa za kampuni nyingine kabisa New York, programu inavuta bei ya huko na ghafla wewe tajiri. Ndo maana ISIN ni bora, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha hisa, herufi na tarakimu 12, ya Kenya inaanza na KE na ya Tanzania TZ. Ila hata ISIN ina mtego wake, chukua KCB, imeorodheshwa Nairobi, Dar, Kampala na Kigali, kampuni ni ileile, kwa hiyo ukinunua Dar kwa shilingi ya Tanzania na programu ikavuta bei ya Nairobi kwa shilingi ya Kenya, hesabu inavurugika vibaya. Safu ya sarafu sio pambo. Na bei za DSE zenyewe programu nyingi za nje hazinazo, kwa hiyo utahitaji faili la pili la bei, tarehe na bei tu, unajaza hata mara moja kwa mwezi, inatosha, wewe sio mtu wa kuuza na kununua kila saa.

Kwenye gawio nina ugomvi na watu wengi. Wanaandika kile kilichoingia benki, basi. Una hisa 2,000, kampuni imetangaza gawio la sh 50 kwa hisa, hiyo ni 100,000, kodi ya zuio kwa kampuni zilizoorodheshwa DSE ni asilimia 5, wanakata 5,000 unapokea 95,000. Andika zote tatu. Kwa hisa za Marekani ndo utaona umuhimu, kule wanatukata asilimia 30 kwa sababu nchi yetu haina mkataba wa kodi na wao, sasa kama unaandika kilichoingia tu utalinganishaje gawio la huku na la kule? Unaweza ukahama soko zima kwa sababu ya asilimia usiyoijua.

Kugawanywa kwa hisa nako. NVIDIA waligawa moja kuwa kumi Juni 2024, Equity ya Kenya walishafanya hivyo hivyo 2009. Kama ulikuwa na 100 na shiti haina mstari wa mgawanyo, programu inachukua 100 zako inazidisha na bei mpya iliyogawanywa, unaona umepoteza asilimia 90 na presha inapanda bure. Usirudi nyuma kubadilisha mstari wa kununua, uache ulivyo, ongeza tukio jipya kwa tarehe yake.

Sasa ile namba ya kontrakti noti. Mwezi ujao utaingiza faili tena, na kuna programu zinazotambua marudio na kuna ambazo zinameza tu, hisa 500 zinakuwa 1,000. Ukiwa na namba kwenye safu yake unapanga kwa namba na marudio yanajianika yenyewe. Ukimaliza kuingiza linganisha idadi ya hisa na taarifa ya CDS kabla hujaangalia grafu yoyote ya faida. Hisa zikilingana na pesa zikakataa, mara nyingi ni ada, programu moja inataka jumla ikiwa na ada ndani na nyingine inataka ada pembeni.

Kuna watakaosema haya ya mikono yamepitwa, unganisha akaunti moja kwa moja. Sawa, kwa wenye madalali wanaounganishika. Mimi kumpa mtu wa tatu pasiwedi ya akaunti ya hisa ili anichoree duara la rangi, hapana. Na programu ikifungwa au ikianza kulipisha shiti yangu ninayo, nahamia nyingine.

Wenye hisa za zamani, Safaricom ya 2008 kwa shilingi 5 ya Kenya au Vodacom ya 2017 kwa 850, makaratasi mengine yameshapotea, msikate tamaa. Bei ya toleo, yaani ile ya hisa zilipouzwa kwa umma mara ya kwanza, inajulikana. Andika idadi uliyopewa na sio uliyoomba, maana kwenye Safaricom watu waliomba nyingi wakapewa chache na pesa nyingine zikarudishwa, na idadi hiyo ipo kwenye taarifa ya CDS. Kama ulinunua sokoni baadaye na bei huikumbuki kabisa, weka mstari mmoja wa salio la kuanzia kwa bei ya soko ya siku unayoanza kurekodi, na pembeni kwenye maelezo uandike kabisa kwamba hii ni bei ya kuanzia, sio ya kununua, ili siku mtoto wako akifungua faili asidhani ulinunua siku hiyo.